Je, Kurekebisha Sauti ni Kudanganya?



Wapendwa vijana, likizo iliyopita nilimsaidia kaka yangu kurekodi wimbo wa kwaya ya kigango chetu. Studio yake ni chumba chake cha kulala: laptopu moja, maiki moja, na magodoro mawili yameegemezwa ukutani ili sauti isigonge ukuta na kurudi. Kwa kuwa maiki ni moja, waimbaji waliingia mmoja mmoja, kila mtu na traki yake. Jaribu lilianzia hapo, maana kwenye kompyuta unaweza kumzima mtu na wenzake wakaendelea kuimba.

Kuna mama mmoja wa sauti ya pili, yumo kwaya tangu mimi sijazaliwa. Ubeti wa pili alichelewa kuingia, na sauti yake ilitetemeka. Nikazima traki yake. Wimbo ukatoka safi, tukautuma kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, watu wakasifu. Jumapili baada ya Misa akaniita: "Frateri, mbona mimi sijisikii?" Nikamjibu haraka, "Umo mama, ni vile tu sauti zimechanganyika."

Usiku ule sikulala vizuri. Kwa kuwa nimesoma falsafa, nikaanza kujitetea kisomi. Mt. Thomas wa Akwino anafundisha kwamba uongo ni kusema kinyume cha kilichomo akilini mwako. Je, kumiksi ni kusema? Tukiongeza mwangwi, hakuna anayedhani tumerekodia kanisa kuu. Tukipunguza besi ili maneno yasikike, tunafanya kazi ileile ya mwalimu wa kwaya anayemwambia mwenye sauti kubwa arudi nyuma hatua mbili. Hata Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti iliyotoka mwaka 1997, sioni kama ni dhambi yenyewe. La kujiuliza ni hili: msikilizaji anaaminishwa nini, na aliyeimba anajua?

Utetezi wangu ulikuwa mzuri, ila haukunisaidia. Nilichomwambia yule mama hakikuwa miksi. Yalikuwa maneno, na nilijua si kweli.

Halafu Thomas huyohuyo akanibana upande mwingine. Anasema uzuri unadai mambo matatu: ukamilifu, uwiano na mng'ao. Uwiano na mng'ao nilivihangaikia hadi usiku wa manane. Ukamilifu, yaani kitu kisipungukiwe kilicho chake, niliuacha. Wimbo una jina la kwaya nzima, na ndani yake mtu mmoja hayumo.

Utaniuliza, kwani Mungu hastahili kilicho bora? Anastahili, na ndiyo hoja niliyoitumia mimi. Lakini sadaka ya kwaya ni ya wale walioimba. Siwezi kuipunguza nyuma ya migongo yao halafu niseme nimeiboresha.

Jumanne nikaenda kwake. Nikamwamkia, nikamweleza yote, hadi lile kosa la ubeti wa pili. Nilitegemea atalia au atanifukuza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Sasa si ungeniambia tu nije nirudie?"

Jamani, sikuwa na jibu. Nilijiona namhurumia kwa kumficha kosa lake, kumbe nilimnyima nafasi ya kulirekebisha.

Alikuja Jumamosi, akarudia mara nne. Mwishoni sauti bado inatetemeka kidogo, tumeiacha hivyohivyo. Kaka anasema toleo la kwanza lilikuwa safi zaidi, na kwa masikio tu sidhani kama amekosea.

Wiki hii soma Waefeso 4:25, uone sababu anayoitoa Mtume Paulo ya kuacha uongo: sisi ni viungo, kila mmoja kwa mwenzake. Kisha jiulize, kuna mtu umemtoa kimyakimya kwenye ratiba ya masomo, kwenye kamati au kwenye urafiki, ukisema hutaki kumuumiza? Umeshamwambia?

Ee Bwana, utupe moyo wa kuwaambia wenzetu ukweli wakiwa bado wana nafasi ya kurudia. Amina.