Moyo Uliomiminwa
(1 Samweli 1:9–18)

Twasoma habari za Hana, mke wa Elkana, aliyepanda kwenda Shilo mwaka kwa mwaka hali hana mtoto. Penina, mke mwenziwe, alimchokoza hata akalia asile. Mumewe alimpenda na kumtuliza, lakini maneno yake hayakufika mahali pa jeraha.

Basi Hana akaingia nyumbani mwa Bwana. Midomo yake ilitikisika, sauti isisikiwe. Kuhani Eli akamdhania amelewa. Naye akamjibu kwa heshima kwamba hakunywa kileo. Nafsi yake ndiyo aliyoimimina mbele za Mungu.

Tulitafakari neno hili la kumimina. Kwa macho ya roho, Hana ni chombo, na Shilo ni chumba cha ndani cha moyo, mtu asimamapo peke yake na Muumba wake. Uchungu uliofungiwa humo huchacha kama togwa iliyosahauliwa mtungini. Mwisho humlevya mtu kwa manung'uniko na chuki. Kumbe Hana hakulewa. Alikuwa akiumwaga ulevi huo.

Lakini machozi peke yake hayambadili mtu. Hata wasiomjua Mungu hulia. Chombo kikiisha kumwagwa, sharti kijazwe. Eli, yeye yule aliyemhukumu vibaya, alimwambia aende kwa amani, na Hana akalipokea neno lile kama limetoka kwa Mungu. Ndipo akala, na uso wake haukuwa na huzuni tena.

Je, alikwisha kupata mtoto? Bado. Penina alikuwa vile vile, na nyumba ile ile ilimngoja. Samweli alizaliwa baadaye. Moyo wa mamaye ulizaliwa upya kwanza.

Basi sisi wachungaji na wazee wa usharika tusiwe wepesi wa kuhukumu kama Eli. Mama aliyezika mtoto tusimwambie, "Nyamaza, Mkristo halii." Dr. Martin Luther mwenyewe alimlilia binti yake Magdalena mwaka 1542, hali akimtumaini Mwokozi. Tumwache amimine, kisha tumpe neno la amani.

Nasi sote tulio na uchungu wa siri, tuingie Shilo yetu. Tusitafute maneno mazuri. Mungu husoma hata midomo isiyo na sauti. Tukiisha kumimina, tusitoke upesi, bali tulingoje neno lake litujaze. Amin.