Hesabu ya Safari



Wiki hii nilikusudia kuwaandikia juu ya kukutana na Mungu mlimani. Mifano nilikuwa nayo tayari: Musa Sinai, Eliya Horebu, Bwana wetu na wale watatu alipogeuka sura. Nimeiweka pembeni. Safari yangu ya mlimani bado sijaenda, ndiyo kwanza naipanga, na katika kupanga limetokea jambo ambalo nimeshindwa kukaa nalo kimya.

Wazo lilianzia darasani. Tukiwa falsafa tulisoma habari za Francesco Petrarca, mshairi wa Italia, aliyeandika kwamba mwaka 1336 alipanda Mlima Ventoux kule Ufaransa kwa sababu moja tu: alitaka kuona. Alikwenda na mdogo wake, Gherardo. Mdogo alishika njia ngumu akapanda moja kwa moja. Kaka mtu akawa anatafuta vichochoro vyepesi, anazunguka, anachelewa. Kule kileleni akafungua Maungamo ya Mtakatifu Agostino, na macho yakamwangukia pale Agostino anapowashangaa watu wanaokwenda kustaajabia milima na bahari huku nafsi zao wenyewe wamezipita bila kuzitazama. Petrarca akafunga kitabu, akashuka kimya.

Basi nikasema na mimi ipo siku nitapanda mlima na mdogo wangu. Tofauti ni kwamba mdogo wangu ana pikipiki.

Ni bodaboda, hapahapa Morogoro mjini. Mimi niko mwaka wa uchungaji, parokia ya mbali kidogo, na mwezi uliopita nilipewa siku chache za kuja kumwona mama. Usiku wa kwanza, baada ya rozari, mama akaenda kulala, sisi tukabaki kibarazani kwenye mkeka. Nikatoa simu, nikafungua ramani, nikaanza kumchorea njia.

Njia yenyewe ni hii. Unatoka Morogoro, milima ya Uluguru unaiacha mgongoni, unaingia tambarare ya Mikumi. Pale barabara kuu inakatiza hifadhi kwa kilomita kama 50, na ukibahatika unaona twiga na nyumbu bila kulipa kiingilio. Ukipita Mikumi mjini unafuata bonde la Ruaha. Ruaha Mbuyuni ni joto, mibuyu kila upande, vitunguu vimepangwa kando ya lami. Halafu Kitonga. Nani asiyeijua Kitonga? Barabara inapinda kama nyoka, malori yanapanda yakiugua, na ukitokeza juu hewa imebadilika, uko Ilula, unaanza kuona nyanya na watu wenye masweta. Usiku wa kwanza ni Iringa, zaidi ya kilomita 300 kutoka nyumbani. Nilitaka tulale upande wa Tosamaganga, misheni ya zamani ya mwishoni mwa karne ya 19, asubuhi tusali Misa pale.

Siku ya pili ni Mafinga na misitu yake ya paini, Makambako, kisha nchi inateremka tena hadi tambarare ya Usangu. Igawa mpaka Chimala ni kweupe, upepo, mashamba ya mpunga. Na hapo Chimala ndipo ilipo sababu ya safari nzima. Mkono wa kushoto mlima umesimama kama ukuta, na kuna barabara ya vumbi inayoupanda kwenda Matamba. Watu wanaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Huko juu ndiko Kitulo, mita kama 2,600 kutoka usawa wa bahari. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na ilitengwa hasa kwa ajili ya maua. Okidi peke yake zinazidi aina 40. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Frateri gani atasikia jina hilo akakaa?

Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kurekebisha. Mikumi hatupiti alfajiri wala jioni, tunapita jua limeshapanda, kwa sababu wanyama wanavuka na, kwa maneno yake, tembo hana indiketa. Kule Igawa kwenye upepo, basi likikupita kwa kasi linakusukuma kisha linakuvuta, hivyo mizigo isipande juu zaidi ya mgongo wa abiria. Oili ibadilishwe kabla ya kutoka. Tyubu mbili, plagi, spana, cheni ikazwe Iringa. Mafinga bila koti zito usithubutu.

"Na hiyo Hamsini na Saba," akasema, "cc 150, watu wawili, hewa nyepesi. Kuna kona utashuka utembee, Frateri."

Nikacheka, nikasema poa. Hata hivyo pikipiki haziruhusiwi kutembelea ndani ya hifadhi, kwa hiyo tukakubaliana tuiache Matamba, bustanini tuingie kwa miguu.

Tukafika kwenye pesa. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 1,100. Yeye alikadiria lita 30 ukiweka na milima, kwa 3,000 kila lita tukapata 90,000. Nikaongeza vitanda, nikaongeza chakula cha siku tano, nikafika 200,000 na kitu. Nilijiona nimepanga vizuri. Nikamkumbusha na Injili, Luka 14:28, yule mtu anayetaka kujenga mnara ambaye Bwana anasema ni lazima kwanza akae chini apige hesabu ya gharama, asije akaishia kwenye msingi watu wakamcheka.

Akaitazama karatasi. "Na hesabu?"

"Hesabu si ndiyo hii?"

"Hesabu ya bosi, Frateri."

Kwa ambao hamjui: bodaboda wengi pikipiki si zao. Kila siku dereva anapeleka kwa mwenye chombo kiasi walichokubaliana, na hicho ndicho kinaitwa hesabu. Mdogo wangu yuko kwenye mkataba. Anapeleka 10,000 kila siku, na mkataba ukiisha kadi inakuwa ya kwake. Akilala siku moja, siku ile inasogea mbele, mkataba unarefuka. Siku tano za bustani yangu ni 50,000 ya bosi, na bado hujagusa kile anachobakiza kwa ajili ya nyumbani. Tena bosi hataki pikipiki itoke nje ya mkoa. Yote hayo sikuwa nimeyaandika popote. Nilikuwa nimempanga kama dereva, nimeipanga pikipiki kama vile inaota uani.

Akanipa daftari lake nipige hesabu upya. Ni daftari dogo la shule, linakaa kwenye mfuko wa koti, limelowa mvua likakauka mara nyingi. Nikawa natafuta ukurasa mtupu. Kila siku ina mstari: bosi, mafuta, home, mama dawa. Na katikati, hapa na pale, nikakuta jina langu. "Frateri nauli." "Frateri viatu." "Frateri kanzu 45,000." Na siku ile ya kanzu, na tatu zilizofuata, penye neno bosi ameandika "deni".

Ile kanzu naikumbuka. Nilimpigia simu nikamwambia ya zamani imeisha, akasema sawa kaka, nipe mpaka Ijumaa. Ndiyo niliyoivaa Jumapili ya Miito, paroko aliponiita mbele niwashuhudie vijana. Nikashuhudia. Nilisema nimeacha vyote nikamfuata Kristo. Watu walipiga makofi.

Baba alifariki mimi nikiwa kidato cha sita seminari, yeye yuko cha tatu. Baada ya matanga mimi nilirudi shule, yeye hakurudi. Hakuna aliyemlazimisha na hakuna aliyekaa kikao. Kulikuwa na mama mwenye presha, kulikuwa na ada moja badala ya mbili, na jambo likajipanga lenyewe kwa namna ambayo kila mtu aliona ni kawaida. Miaka yote hiyo nimekuwa nikimwombea. Kumwuliza, sijawahi.

"Mbona hukuniambia?" nikamwuliza, daftari bado liko mkononi.

"Ungefanya nini? Ungekuja kuendesha?"

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anakaza nati ya kioo.

Vijana wenzangu, usiku ule nililala na Marko 1:20. Mnaijua. Yesu anawaita Yakobo na Yohane, nao wanamwacha baba yao Zebedayo chomboni pamoja na wafanyakazi wa mshahara, wanamfuata. Nimeitafakari mara nyingi, na kila mara macho yangu yanawafuata wale wawili wanaoondoka. Sikuwahi kubaki kwenye chombo. Nyavu zilikuwa bado zinatengenezwa. Kesho yake nani alizitupa? Zebedayo alirudi nyumbani akamwambia nini mkewe? Marko hatuelezi, ila ameona vema kutaja kwamba kulikuwa na watu chomboni, na mshahara wao ulitoka mahali.

Sisemi Bwana alikosea kuwaita, wala sisemi mimi nimekosea kuitika. Baadhi yenu mko chuo, mnaishi kwa boom na kwa M-Pesa ya dada anayeuza genge. Wengine ninyi ndio hao dada na hao bodaboda, mnasoma hapa mkiwa kijiweni mnasubiri abiria, na mnanijua vizuri kuliko ninavyojijua. Ninachosema ni kwamba Luka 14 niliihubiri kwa miaka kama maneno juu ya gharama yangu mimi: usingizi wangu, useja wangu, ndoto zangu. Sikuwa nimejua kwamba mnara wangu una fundi mwingine anayepandisha matofali, na daftari analo.

Asubuhi nilisoma kitu kingine, Mwanzo 33. Yakobo ndiye aliyeondoka nyumbani na baraka, Esau ndiye aliyebaki. Wanakutana baada ya miaka mingi, wanakumbatiana, wanalia. Halafu Esau anasema jambo ambalo huwa tunaliruka: twende safari pamoja, mimi nitatangulia. Na Yakobo anatoa sababu. Watoto ni wachanga, mifugo inanyonyesha, ikikimbizwa hata siku moja itakufa. Wewe tangulia, mimi nitakuja polepole mpaka nikufikie Seiri. Maneno mazuri, ya busara. Esau anaondoka, na Yakobo anageuza kwenda Sukothi. Maandiko hayatuambii popote kwamba alifika Seiri. Tunapowaona tena pamoja, wanamzika baba yao.

Hapo nilifunga Biblia. Mimi na mdogo wangu mara ya mwisho tulikaa pamoja zaidi ya siku tatu ilikuwa msiba wa baba.

Kwa hiyo safari ipo, ila imepangwa upya, na safari hii alipanga yeye. Mkataba unaisha Novemba kama hakutakuwa na deni lingine. Kadi ikishakuwa mkononi, pikipiki ni yake, haiombewi ruhusa ya kutoka mkoani. Tunaondoka baada ya Noeli, nikishamaliza kumsaidia paroko. Nilimwambia hicho ni kipindi cha mvua, Hamsini na Saba itakuwa tope. Akaniuliza maua ya Kitulo yanatoka lini. Nikaangalia: yanatoka na mvua, kuanzia huo mwezi wa kumi na mbili. Kumbe ule mpango wangu wa kwanza, wa Agosti, tungefika juu tukakuta nyasi kavu na baridi ya kuua.

Siku atakazolala nazilipa mimi, 10,000 kwa siku, ziende kwenye daftari lake kama hesabu ya kawaida. Alikataa, tukabishana, mama akatoka ndani akauliza kuna nini. Posho ya mwaka wa uchungaji ni ndogo lakini miezi bado ipo. Kanzu hii nitaishona viraka.

Jambo la mwisho alilodai ndilo gumu kuliko yote. Hataki kuendesha kilomita 1,100 peke yake. Tambarare ya Usangu, kutoka Igawa mpaka Chimala, anasema ni zamu yangu, yeye akae nyuma aone nchi. Na niwe na leseni, hataki ujanja wa kwamba mimi ni mtu wa Kanisa. Paroko amenikubalia nijifunzie pikipiki ya parokia kwenye uwanja wa mpira, jioni, watoto wa katekesimu wakishaondoka, ingawa wengi hawaondoki, wanabaki kuangalia. Juzi nilianguka mara mbili. Nikampigia simu kumweleza, akaniuliza nilishika breki ipi. Nikamwambia ya mbele.

"Kwenye vumbi usishike ya mbele, kaka," akasema. Halafu akakata, alikuwa na abiria.