Dawa ya Siku Tatu

Fedha za korosho zikishaingia, wachuuzi hawachelewi. Kabla wiki haijaisha utawakuta kwenye magulio ya njia ya Lulindi, wametandaza maturubai chini: ndoo za plastiki, mitumba, redio, sandali za mpira, na pembeni kidogo, kwenye boksi lenye kifuniko, mafuta na tyubu za ngozi. Mwenye tyubu hana haja ya kupiga kelele. Ameshajifunza kwamba miezi inayoleta fedha katika ukanda huu wa Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, ndiyo hiyo hiyo inayoharibu ngozi za watoto.

Mama wa kisa hiki alinunua tyubu yake mwezi Novemba. Simpi jina, wala mtoto wake simpi, kwa sababu nimewatunga kutokana na mambo yanayotokea katika nyumba nyingi. Asiwatafute mtu.

Mtoto alikuwa wa kike, mwenye miaka sita, na alikuwa na pumu ya ngozi tangu yuko mgongoni. Kwenye ngozi nyeusi ugonjwa huu hauna ule wekundu unaochorwa vitabuni. Huja na weusi uliokolea au rangi ya kijivu, vipele vidogo, na ngozi inayozidi kuwa nene kadiri inavyokunwa. Kwake ulikaa kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni. Mchana alicheza kama wenzake. Usiku alijikuna mpaka mama akawa analala ameishika mikono yake.

Mwaka wa mtoto huyu ulikuwa na misimu miwili mibaya. Wa kwanza ni wa salfa. Kuanzia katikati ya mwaka, mikorosho inapochanua, wakulima huipulizia unga wa salfa kuzuia ubwiriunga, na asubuhi isiyo na upepo unga huo huning'inia juu ya mashamba na nyumba. Mkulima mzima humwasha macho. Mtoto ambaye ngozi yake tayari ina nyufa humwasha mwili mzima. Wa pili ni wa mavuno, na huo ndio mbaya zaidi, maana mambo matatu hukutana.

La kwanza ni jua. Lulindi iko kati ya nyuzi 10 na 11 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hulipitia eneo hili utosini mara mbili kwa mwaka: katika wiki yenye tarehe 21 Oktoba, na tena katika wiki yenye tarehe 21 Februari. Yaani korosho zinapodondoka kwa wingi ndipo kivuli cha mtu, saa sita mchana, hujikusanya chini ya nyayo zake. La pili ni jasho, na kwa mtoto wa pumu ya ngozi nadhani hilo humtesa kuliko mwanga wenyewe. Chumvi ya jasho ikiingia kwenye mikunjo iliyochubuka, hakuna mtoto atakayeambiwa asijikune akatii. La tatu ni mkorosho wenyewe. Ganda la korosho mbichi lina mafuta makali yanayobabua ngozi ya mtu yeyote, na mtoto anayeokota mabibo, kunyonyoa korosho kisha kujikuna shingo huyahamisha mafuta hayo kwa kucha zake mwenyewe. Mwembe ni ndugu wa mkorosho, na utomvu wake una tabia hiyo hiyo. Embe nazo huiva miezi hiyo.

Msimu ule mtoto alikwenda shambani kila siku, maana nyumbani hakukuwa na wa kubaki naye. Walitoka saa mbili, wakarudi saa tisa. Alivaa kigauni kisicho na mikono. Mama alikuwa na hoja yake, na hoja hiyo si ya kupuuzwa: mtoto mweusi haunguzwi na jua. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Weusi wa ngozi ni kinga halisi, na mtoto wa Kimakua au Kimakonde anaweza kukaa juani muda ambao mtoto wa Kizungu angebabuka. Lakini kinga hiyo imewekwa kwenye ngozi nzima. Ngozi ya pumu ina mianya: unyevu unatoka, joto, jasho na utomvu vinaingia.

Kufikia mwisho wa Oktoba mashavu ya mtoto yalikuwa na mabaka meupe yaliyofifia, yenye magamba membamba. Watoto wengi wenye ngozi kavu huyapata, na jua huyafanya yaonekane zaidi kwa kuikoleza ngozi iliyoyazunguka. Huisha yenyewe taratibu ngozi ikipakwa mafuta vizuri. Ila bibi yake alipoyaona alishtuka.

“Mwanangu, mpeleke hospitali. Baka jeupe si la kuchezea.”

Bibi aliogopa ukoma. Alikulia kwenye masimulizi ya wagonjwa waliotibiwa katika misheni za huku, na ya hospitali ya Lulindi enzi za Dakta Leader Stirling, Mwingereza aliyefika mwaka 1935 na miaka arobaini baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Bibi alikosea ugonjwa, kwa kuwa baka la ukoma kwa kawaida hupoteza hisia, na mtoto alipoguswa shavuni kwa unyoya wa kuku alicheka. Mama akafarijika, akaona safari ya hospitali haina haja tena. Nikimtazama kwa haki, naona hapo ndipo alipopotea: hofu ya bibi haikuwa sahihi, lakini njia aliyoielekeza ilikuwa sahihi.

Wiki mbili baadaye malipo ya korosho kutoka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yakaingia, na mama akasimama mbele ya boksi lenye kifuniko.

“Ya mtoto ipo, mama’ngu,” mchuuzi alisema. “Hii inaua fangasi, inaua bakteria, inaondoa mwasho. Siku tatu tu.”

Hakudanganya. Siku ya tatu ngozi ilikuwa imetulia, na mtoto alilala usiku kucha kwa mara ya kwanza tangu Juni. Nani asingeamini? Ndani ya tyubu mlikuwa na klobetasoli, steroidi iliyo miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote zinazopakwa, ikichanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria. Daktari anaweza kuiandika dawa hiyo kwa ngozi nene ya kiganja au unyayo, kwa siku za kuhesabu. Haiandiki kwa shavu la mtoto.

Mama alipoacha, mwasho ulirudi. Alipopaka, uliondoka. Akapaka kila siku, shingoni, kwenye viwiko, na usoni pia ili yale mabaka yafutike. Na kweli yalifutika, kwa sababu uso wote ulianza kufanana nayo. Kisha zikaja sifa. Kisimani, kanisani, njiani, kila aliyemwona alisema mtoto ametakata. Ningependa kuwatupia lawama wachuuzi peke yao, lakini tyubu ya pili na ya tatu hazikuuzwa na mchuuzi. Ziliuzwa na sifa za majirani.

Steroidi kali ikipakwa kwa miezi huifanya ngozi kuwa nyembamba na kufifisha rangi yake. Mama alikuwa amemvua mtoto mwavuli aliozaliwa nao, na alimvua katika wiki zile zile ambazo jua la Februari lilikuwa likirudi utosini. Mistari ya shuleni asubuhi ikawa adhabu: mtoto alisimama dakika chache, uso ukawaka moto, akalia. Vishipa vyembamba vikaonekana mashavuni. Vipele vikazunguka mdomo. Vinyweleo vikaota kwenye paji la uso. Kwenye mikunjo ya viwiko ikatokea michirizi kama ile ya tumbo la mama aliyejifungua. Mama akaogopa, akaacha dawa siku moja ghafla, na ugonjwa ukalipuka mwili mzima kuliko ulivyokuwa kabla ya Novemba.

Ndipo wakaenda hospitali.

“Shikamoo, sista.”

“Marahaba, mama. Umekuja na tyubu?”

Alikuwa nayo mkobani, imekunjwa mpaka mwisho. Muuguzi aliigeuza, akasoma maandishi madogo ya pembeni, akaiweka mezani bila kugomba. Hilo naliona ni jambo kubwa. Mzazi anayegombezwa leo, kesho huficha tyubu nyumbani, na daktari hubaki akibahatisha.

Walichoelezwa siku ile hakikuwa na uchawi wala gharama kubwa. Steroidi haikulaaniwa. Mtoto aliandikiwa iliyo hafifu, ya haidrokotisoni, kwa siku chache na kwa kipimo: iliyokamuliwa kwa urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Aliambiwa arudi ili dawa ipunguzwe chini ya macho ya wataalamu.

Kisha maji. Ukanda huu unajulikana kwa shida ya maji, na mama alitarajia kuambiwa amwogeshe mtoto mara tatu kwa siku. Kumbe ndoo moja ya maji ya uvuguvugu, mara moja, inatosha, na kukaa majini muda mrefu huikausha ngozi zaidi. Sabuni ya unga na ya mche zibaki kwenye nguo. Jambo lenye uzito ni lile la baada ya kuoga: mtoto afutwe kwa kugusagusa, na ngozi ikiwa bado na unyevu apakwe mafuta ya mgando yasiyo na manukato, mwili mzima, si kwenye vidonda tu. Akitoka jasho shambani, afutwe kwa kitambaa cha maji baridi kabla chumvi haijamuwasha.

Kuhusu jua, mama aliuliza kile ambacho wengi wangeuliza.

“Sista, si kuna mafuta ya jua wanayogawiwa watoto wenye ualbino? Na mimi naweza kupata?”

Yapo. Kilimanjaro Sunscreen hutengenezwa Moshi, kazi iliyoanzia katika hospitali ya KCMC, na huwafikia watu wenye ualbino kupitia kliniki. Kwa Tanzania, ambako makadirio yanayotajwa sana ni mtu mmoja mwenye ualbino kati ya 1,400, mafuta hayo ni suala la uhai, maana saratani ya ngozi huwawahi wakiwa bado vijana. Watu wa kusini wanapaswa kulielewa hili haraka kuliko wengine: mwaka 2010 Lindi Mjini ilimchagua Salum Khalfan Barwany, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa mbunge wa jimbo nchini. Chupa iliyowekwa kwa ajili ya mtoto wa namna hiyo isichukuliwe na mwingine. Muuguzi alisema hivyo kwa upole, na nakubaliana naye.

Mtoto wa pumu ya ngozi mwenye weusi wake kamili huanza kukingwa kwa nguo: mikono mirefu ya pamba nyepesi iliyolegea, si ya nailoni, na kofia ya pama au ya ukindu yenye ukingo mpana unaofunika masikio na shingo. Saa zifuate. Asubuhi mpaka saa tatu, na jioni baada ya saa tisa, jua lina huruma, na wapo watoto ambao ngozi zao hata hutulia kwa jua la asubuhi. Mtoto asiye na saa ana kipimo chake chini ya miguu: kivuli chake kikiwa kifupi kuliko yeye, aende chini ya mti. Isipokuwa, kwa huyu, mti usiwe mkorosho unaovunwa.

Mafuta ya jua yanakuja mwisho, kwa sehemu ambazo nguo haifiki, na kwa huyu yalihitajika kwa kuwa uso ulikuwa umepoteza rangi. Yenye zinki oksaidi huvumiliwa vizuri na ngozi ya namna hii. Yenye manukato huchoma. Kabla ya kuyapaka usoni, yajaribiwe kidogo ndani ya mkono wa chini kwa siku mbili tatu, na yapakwe baada ya mafuta ya kulainisha kuingia. Mtoto aliye chini ya miezi sita hayahitaji kabisa. Huyo ni wa kivuli na nguo.

Mwalimu mkuu aliombwa mtoto avae kofia na mikono mirefu, akakubali, ingawa alitaka kwanza karatasi kutoka hospitali. Weusi ulirudi polepole, mashavu kwanza. Vinyweleo vilipukutika. Michirizi ya viwikoni haikuondoka, na haitaondoka.

Oktoba iliyofuata familia ilibadili saa za shamba: walitoka kungali giza, wakarudi saa tatu na nusu, wakamalizia jioni. Korosho za mchana ziliokotwa na watu wazima. Hasara ilikuwepo, kwa kuwa nguvukazi ilipungua, na mama hakuificha alipoulizwa.

Novemba mchuuzi alirudi na boksi lake. Safari hii mama alisoma maandishi madogo, akakuta jina lile lile ndani ya tyubu yenye rangi mpya. Akamwita jirani yake aliyekuwa anahesabu fedha, akamwonyesha kiwiko cha mtoto. Jirani aliitazama michirizi, akamgeuza mtoto uso kwenye mwanga, akasema, “Lakini uso wake umetoka vizuri,” akanunua mbili.