Mbwa wa Kulinda Nyumba yenye Watoto

Mtu aliyejenga nyumba yake nje ya mji, shamba upande mmoja na kichaka upande wa pili, akawa na mke na watoto wadogo, na kazi yake humweka nje hata baada ya Isha, hana budi kuufikiri ulinzi wa nyumba hiyo. Wezi hawakosekani. Madirisha hutiwa nondo, ukuta huinuliwa na kupandwa vigae vya chupa, na baada ya hayo yote huja sahibu yake akamwambia: tafuta mbwa, tena mbwa mkali. Hapo khofu mbili hugombana moyoni mwake. Ya kwanza ni khofu ya najisi na ya maneno ya watu. Ya pili ni khofu ya kumwingiza uani mwake mnyama mwenye meno, na watoto wake ndio kwanza watambaa. Khofu zote mbili zina haki yake. Lakini liko swali lililotangulia mbele ya hizo, nalo huulizwa na wachache: mbwa huyu atakiwa kwa haja gani?

Katika jambo la mbwa watu wa pwani wamegawanyika mafungu mawili, na yote mawili yamepita mpaka. Fungu moja lasema mbwa ni haramu, basi. Hupiga mawe kila mbwa apitaye, na watoto wao huwafunza vivyo hivyo. Fungu la pili limesafiri, likaona mbwa amelala juu ya kiti cha sebuleni, likarudi likisema kuwa habari za najisi ni mambo ya wazee. La kwanza limesahau kwamba katika Sura ya Al-Kahf mbwa ametajwa pamoja na vijana waliokimbia na dini yao, na kwamba Mtume (S.A.W.) alisimulia habari ya mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyeshikwa na kiu, naye Mwenyezi Mungu akamghufiria. La pili limesahau hadithi iliyo sahihi, kwamba mwenye kuweka mbwa asiyekuwa wa kuwinda, wala wa mifugo, wala wa shamba, hupungukiwa kila siku na thawabu za amali yake kadiri ya kirati moja, na katika riwaya nyingine kirati mbili.

Nyumba haikutajwa katika hayo matatu. Kwa hivyo wanavyuoni wa Kishafii walikhitalifiana katika mbwa wa kulinda nyumba na njia. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277 wa Miladi), ameitaja khitilafu hiyo katika sherehe yake ya Sahihi ya Muslim, kisha akaeleza kuwa iliyo sahihi zaidi ni kujuzu, kwa kukisia juu ya yale matatu, kwa kuwa sababu ifahamikayo katika hadithi ni haja.

Neno hilo moja, haja, lina kazi kubwa kuliko lidhaniwavyo. Wengi hulichukua kama ufunguo: mlango ukisha kufunguka, ufunguo hutupwa. Lakini ni kanuni mashuhuri katika fiqhi kwamba kilichoruhusiwa kwa dharura hupimwa kwa kadiri ya dharura yenyewe, na haja nayo huenda njia hiyo. Basi haja si mlango tu wa kumwingizia mbwa, bali ndiyo pishi ya kumpimia: awe wa namna gani, akae wapi, na ukali wake uishie wapi.

Mathalan mwenye nyumba katika Mji wa Kale wa Mombasa, au katika vichochoro vya Lamu, ambako ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule na barazani watu hukaa hata usiku, haja yake ni ngumu kuonekana. Mlinzi wake ni jirani. Mwenye nyumba katikati ya minazi, ambaye akipiga ukelele husikiwa na popo peke yao, haja yake iko wazi. Na kati ya hao wawili yuko mtu atakaye mbwa kwa sababu tajiri fulani anaye; humtaka mkubwa, mweusi, wa kutisha wapitao, apate kutajwa. Hiyo ni fahari, na mnyama achaguliwaye na fahari siye yule ambaye haja ingemchagua.

Kwani kitakiwacho hasa ni nini? Mwizi wa usiku hutegemea kimya. Mbwa abwekaye kwa wakati humwamsha mwenye nyumba, huwasha taa ya jirani, na humjulisha mwizi kwamba amekwisha onekana. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi yake, nayo ni kazi ya sauti. Meno ni habari nyingine. Meno hayapambanui mwizi na mtoto wa jirani aliyeruka ukuta kufuata mpira wake. Mbwa mwenye kuuma ametajwa katika hadithi pamoja na wale watano ambao huuawa hata ndani ya Haram ya Makka. Ajabu ni kwamba mtu hutoka akamtafuta kwa pesa mnyama wa sifa hiyo hiyo, akamweka mlangoni pa wanawe! (Na katika pesa hizo pia pana neno: kwa Imamu Shafii bei ya mbwa haisihi, hata awe wa kazi, ingawa Mahanafi wamejuzisha. Mwenye kushika madhehebu yake atafute wa kupewa.)

Wasemao mbwa mkali hudhani ukali ndio ulinzi, na habari za mbwa wenyewe zakanusha. Yule mbwa wa Kijerumani mwenye masikio ya kusimama, ambaye polisi wa nchi nyingi humtumia, alianza kufanywa kabila moja mwaka 1899 na Max von Stephanitz, kutokana na mbwa wa wachunga kondoo. Kazi ya wazee wake ilikuwa kulizunguka kundi na kumrejesha kondoo atokaye, pengine kwa kumbana mguu kwa meno. Tabia hiyo haikutoka katika damu. Mtoto akimbiaye uani na kupiga mayowe, kwa mbwa huyo, ni kondoo aliyetoroka. Humkimbilia, humsukuma, humbana kisigino, wala hakukasirika. Ni mnyama mwenye akili, hufundishika upesi, na wengi wa namna yake wamekaa na watoto kwa salama; lakini ataka mtu wa kumfundisha kila siku, na mtu arejeaye baada ya Isha hana saa hizo.

Mfano wa pili watoka katika nchi ya Waislamu. Upande wa Sivas, katika Uturuki, wafugaji wana mbwa wakubwa waitwao Kangal, wa kuwalinda kondoo na mbwa mwitu. Kangal halikimbizi kundi. Hukaa ndani yake, kwa kuwa amekuzwa humo tangu udogo, akawazoea kondoo akawaona ni wake. Wataalamu wa wanyama nao wameona kwamba tangu juma la 3 la umri wake hata juma la 12 au 14, mbwa hujifunza nani ni wa kwake, na baada ya hapo mlango huo hujifunga polepole. Mbwa aliyeyapitisha majuma hayo kizimbani asione mtoto, humwona mtoto kuwa ni kitu kigeni chenye kelele. Si kwamba mtu wa Likoni amtafute Kangal. Mnyama huyo ni wa nchi za juu zenye baridi, na ua mdogo haumtoshi. Kinachochukuliwa kwake ni funzo.

Kwa hivyo mwenye kuchagua na amtazame mama kabla ya mtoto. Mama abwekaye mgeni aingiapo, kisha akatulia bwana wake asemapo naye, watoto wake wafaa. Mama ajifichaye kwa woga, au arukaye kuuma, watoto wake waachwe ijapokuwa sura zao ni nzuri. Na katika watoto, achukuliwe yule amjongeaye mtu kwa kumnusa, ambaye akisikia kishindo hushtuka kisha akarudi kutazama. Asitolewe kwa mamake kabla ya majuma 8. Nasaba ya Kizungu si sharti. Mbwa wa kawaida aliyezaliwa mitaani, akilelewa vyema, hubweka sawasawa na yule wa thamani kubwa, na joto la pwani halimsumbui. Ama kumfunga mnyororo mchana kutwa, kumnyima chakula na kumchokoza kwa fimbo ili awe mkali, kama wafanyavyo wengine, ni dhulma kwanza na ni ujinga baadaye. Mbwa huyo hujaa chuki, na aliye karibu naye kuliko wote ni mtoto wa nyumba.

Na hili la mtoto halifai kupitwa upesi. Hesabu za hospitali za nchi nyingi zaonyesha kwamba watoto wadogo huumwa zaidi na mbwa wanaojuana naye, wa nyumbani au wa jirani, kuliko mbwa wa njiani. Na kwa ufupi wao, jeraha mara nyingi huwa usoni na shingoni. Pengine mbwa alikuwa akila, au amelala akakanyagwa, au ana watoto wachanga. Kwa hivyo mtoto mdogo haachwi peke yake na mbwa, hata akiwa mpole vipi, hata kwa kadiri ya kuteka ndoo moja ya maji. Baba aliyepata mbwa huona kama amepunguziwa mzigo, na kumbe ameongezewa. Katika hadithi ya uchungaji, ambayo kila khatibu huisoma, aulizwaye juu ya watu wa nyumba ni mwenye nyumba.

Habari ya najisi ni nyepesi kwa mwenye kuipanga. Mbwa hukaa uani, ana kibanda chake na chombo chake, wala haingii palipo miswala na vyombo vya kulia. Kikavu kikigusa kikavu hakuna najisi. Penye majimaji huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kumweka nje kuna sababu nyingine pia. Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Al-Khattabi alisema hiyo ni kwa mbwa asiyeruhusiwa, na Nawawi akaona ni kwa kila mbwa.

Kichaa cha mbwa ndicho cha kukhofiwa kuliko najisi. Shirika la Afya la Dunia lakadiria kuwa watu 59,000 hufa kwa maradhi hayo kila mwaka, na katika kila watu 10 waumwao na mnyama anayeshukiwa, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikisha tokea hapana dawa. Lakini kinga ipo: mbwa huchanjwa afikapo miezi mitatu, kisha hurejewa kila mwaka. Katika kisiwa cha Pemba mbwa walichanjwa, na maradhi yakakatika mwaka 2014. Yakarudi mwaka 2016, wakachanjwa tena hata yakakatika mara ya pili. Aumwaye huoshwa jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa robo saa, kisha hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo kuchomwa sindano, asingojewe kuonekana dalili.

Kisha yuko jirani. Mzee aendaye msikitini kwa sala ya Alfajiri, na fimbo yake mkononi, akipita penye lango lililo wazi akarukiwa na mbwa, kesho ataswali nyumbani. Watoto waendao chuoni watazunguka njia ya mbali. Vitabu vya fiqhi vyasema kuwa mwenye kuweka mnyama aliyejulikana kwa kudhuru, kisha akamwacha huru, hulipa alichokiharibu. Sala ya jamaa iliyompita yule mzee hailipiki kwa pesa. Lango na lifungwe, na mbwa afunguliwe ndani ya ua watu wakisha kulala.

Mbwa naye ana haki: kulishwa, maji safi, kivuli, na kutibiwa augwapo. Mbwa huishi miaka 10 hata 13. Mtoto aliye na miaka mitatu siku mbwa aletwapo atakuwa ameota ndevu, na mnyama huyo, hasikii tena wala haoni vizuri, atakuwa bado amelala kibandani pake akingoja chakula cha jioni. Mwenye kuchagua na aihesabu miaka hiyo siku ya kwanza.