Kazi ya Mkono Baada ya Ugonjwa Mrefu

 

Ndugu Waislamu, katika miji yetu ya pwani twaona jambo lisilo na asili katika dini wala faida kwa mwili. Mtu huugua miezi mingi, kisha Mola akamjaalia nafuu. Siku anaponyosha mkono kutaka sindano yake na kofia aliyoiacha nusu, watu wa nyumbani humpigia kelele: "Wacha hayo, utarudi kitandani! Watu wa jicho watakuona!" Hunyang'anywa kazi, akavishwa hirizi, akawekwa pembeni kama chungu chenye ufa. Na nyumba nyingine hufanya kinyume: nafuu haijatimia mwezi, hesabu ya madeni imewekwa mbele yake, na mikeka mitatu yatakiwa kabla ya Idi. Yote mawili ni dhulma.

Tuiangalie habari ya Nabii Ayyub (a.s.). Mwenyezi Mungu alipotaka kumwondolea madhara alimwamrisha apige ardhi kwa mguu wake, na hapo palikuwa na maji baridi ya kuogea na ya kunywa. Mola ni muweza wa kumponya pasipo mguu kuinuka. Lakini mgonjwa mwenyewe alipewa kitendo, tena kitendo kidogo, cha kadiri ya nguvu zake.

Na kazi zetu za nyumbani zafaa mno kwa hali hiyo, kwani zagawika. Ukindu huchanwa, hutiwa rangi, husukwa ukili mrefu mwembamba, kisha ukili huo hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka ukatimia. Aweza mtu kusuka shibiri moja asubuhi, akaweka. Kofia ya viua nayo hushonwa tundu baada ya tundu, majuma mengi. Hapana aliyeimaliza kwa pupa ikawa nzuri. Wako waziitao kazi hizi mchezo wa wanawake na wazee. Hao wamesahau kwamba Bibi Aisha (r.a.) alieleza kuwa Mtume nyumbani kwake akiwatumikia watu wake, akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake, na kwamba Nabii Daud (a.s.), naye ni mfalme, akila kwa kazi ya mkono wake.

Lililo zito ni huzuni ya mwenyewe. Mkono watetema, tundu latoka kombo, na fundi aliyesifiwa mtaa mzima huitupa kofia akalia. Huyu na akumbushwe habari ya Imran bin Huswayn (r.a.), aliyekuwa na maradhi akamuuliza Mtume juu ya sala. Aliambiwa asali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Asipoweza, kwa ubavu. Ikiwa nguzo ya dini imewekewa daraja kwa ajili ya mgonjwa, itakuwaje kofia isiwekewe? Tundu la kombo hufumuliwa.

Tena kazi isiwe sababu ya kuacha dawa. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa dawa za miezi 6, na mgonjwa hujiona mzima mapema, kabla dawa hazijesha. Akiziacha hapo, ugonjwa waweza kurudi nao umeshakuwa sugu, akawaambukiza watoto wake. Dawa hizo katika hospitali za serikali hapa Kenya hutolewa bila ya malipo. (Hirizi ndiyo inayouzwa.) Basi dawa na kikapu cha ukili na viwekwe mahali pamoja, karibu na dirisha lipitishalo upepo, na kila asubuhi, baada ya dawa kumezwa, mgonjwa aulizwe kwa upole: leo mkono wataka kiasi gani?