Maua ya Mwalimu, Njia ya Wafu

Vitabu vya mwongozo wa fasihi huzitenga mandhari na dhamira kama vyombo katika rafu mbili za kabati. Huku mandhari: shuleni, kijijini, mwaka 1949. Kule dhamira: mgongano wa mila na usasa. Mtahiniwa hujaza pande zote mbili, akapata alama zake. Asichoulizwa ni kama dhamira hiyo ingebaki ileile iwapo mahali pangebadilishwa.

Sijui hadithi inayolichokonoa swali hilo zaidi kuliko "Dead Men's Path" ya Chinua Achebe, ya mwaka 1953. Ni ya kurasa chache tu. Michael Obi, kijana wa miaka 26, anateuliwa kuwa mwalimu mkuu wa shule ya misheni huko Ndume, katika Nigeria ya kikoloni. Shule imedorora, naye ana ari ya kuiamsha. Mkewe Nancy ana ndoto za bustani. Maua yanapandwa, kiwanja kinapendeza. Kisha jioni moja Obi anamwona bikizee wa kijijini akikatiza kiwanja, akipita juu ya maua yenyewe. Kumbe pana kinjia hapo, hafifu, kimekaribia kufutika, kinachounganisha mahali pa ibada pa kijiji na makaburi. Obi anakiziba kwa miti na seng'enge.

Kuhani mzee anakuja kumweleza. Kwa njia ile wafu huondoka, wahenga huja kutembelea walio hai, na zaidi ya yote, watoto huipita wanapokuja kuzaliwa. Obi anajibu kwa tabasamu kwamba kazi ya shule ni kuzifuta imani za namna hiyo. Halafu anatoa pendekezo ambalo kwangu ndilo kitovu cha hadithi: wanakijiji watengeneze njia nyingine, izunguke pembeni ya shule. Wahenga hawatachoka kwa mzunguko mdogo kama huo.

Msomaji wa haraka ataona hapa dini ya kale ikikabiliana na elimu ya kisasa. Mimi naona watu wawili wakibishana kuhusu mahali ni kitu gani. Kwa Obi, mahali ni chombo: unaweza kupapamba, kupasafisha, kupahamisha, na kilichomo kisidhurike. Ndiyo maana maua yake na njia yake mpya vinatoka katika wazo moja. Kwa kuhani, kuihamisha njia ni sawa na kuiondoa, kwa kuwa ile njia ndiyo uhusiano wenyewe kati ya waliokufa, walio hai na wasiozaliwa bado. Achebe ameziweka katika vinywa vya wahusika wake nadharia mbili za mandhari: ya pambo na ya chanzo. Na kwa namna alivyoisuka hadithi, ametuonyesha yeye yuko upande gani. Hebu ondoa kinjia kile uweke mti mtakatifu. Mgongano wa mila na usasa utabaki, lakini suala la nani ana haki ya kupita katika ardhi iliyotwaliwa litapotea, maana mti haupiti popote.

Ugomvi huu ni wa kale. Plato alifundisha kwamba maumbo ya kweli ya vitu yako mbali na vitu vyenyewe. Aristotle, mwanafunzi wake, akayarudisha ndani ya vitu. Wanaotafuta dhamira kwa kuichuja kutoka katika mahali wanamfuata Plato bila kujua. Riwaya inaweza kuwavumilia, kwa kuwa ina nafasi ya kutosha kueleza mandhari yasiyofanya kazi yoyote. Hadithi fupi haina anasa hiyo.

Lakini pana pingamizi ambalo siwezi kulipita kando. Kama dhamira haitenganishwi na mahali pake, imekuwaje msomaji wa Songea au Lamu, asiyewahi kukanyaga nchi ya Waigbo, aielewe hadithi ya Ndume? Wengi hujibu kwamba anaifikia dhamira ya wanadamu wote baada ya kuyavua mambo ya Kiigbo. Nadhani hutokea kinyume chake. Hakuivua Ndume, ameiingia kwa mlango wa kwao, kwa makaburi ambayo barabara ililazimika kuyakwepa, kwa mbuyu wenye mzimu ambao hakuna fundi aliyekubali kuukata. Anayesoma akiwa hana mahali popote moyoni ataambulia ile sentensi ya mwongozo, basi.

Hivyo ndivyo Madongoporomoka, mtaa wa mabanda katika "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed, ulivyoeleweka na Wakenya waliosoma hadithi hiyo sekondari. Jitu linaingia mkahawani na kumaliza chakula chote, na hakuna haja ya kuelezwa kwamba kinacholiwa ni ardhi: kila mji mkubwa una mtaa unaosubiri tingatinga. Hata Shaaban Robert, aliyeiweka nchi yake ya Kusadikika angani mwaka 1951, hakukimbia mahali. Katika koloni, angani ni mahali mahususi kabisa pa kumshitaki mtawala.

Turudi Ndume. Siku mbili baada ya mazungumzo na kuhani, mwanamke anafariki akijifungua. Kesho yake Obi anaamka na kukuta ua umeng'olewa, maua yamekanyagwa, jengo moja limebomolewa. Siku hiyohiyo msimamizi Mzungu anakuja kukagua, na anaandika ripoti mbaya: kwanza hali ya kiwanja, halafu uhasama na kijiji, ambao kwa sehemu anaulaumu kwa ari potofu ya mwalimu mkuu. Mandhari kwanza, dhamira baadaye, na kuhusu Obi wala hakukosea. Alichokosea ni kuona vita vya kikabila kati ya shule na kijiji. Kijiji hakikuwa kimedai ardhi ya shule. Kilidai pa kupitia watoto.