Mwenyeji Huonja Kwanza

Siku hizi yameingia katika miji yetu makaribisho ya namna mpya. Mtu huwaalika rafiki zake jioni, akawawekea mezani divai nzuri za aina mbalimbali, ili wazionje moja moja na kuzilinganisha katikati ya chakula. Hata hapa Engutoto, chini ya Mlima Meru, si ajabu kualikwa meza ya namna hiyo. Wengine huuliza: Je, yafaa Mkristo kuketi hapo? Swali hilo lastahili jibu.

Kwanza tuseme wazi kwamba divai si kitu kiovu. Mzaburi aliihesabu pamoja na mkate na mafuta miongoni mwa vipaji vya Mungu. Mtume Paulo alimshauri Timoteo atumie kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Na Kanisa, katika kanuni ya 924 ya Sheria zake, lataka divai ya Misa iwe ya asili, itokayo katika zabibu, wala isiwe imeharibika. Kitu kinachopelekwa altareni hakiwezi kuitwa uchafu kikiwa mezani.

Tena, kuonja si jambo geni kwetu. Pande nyingi za Afrika Mashariki, wazee walipomkaribisha mgeni kwa pombe, mwenyeji alitangulia kunywa funda moja, ndipo akampa mgeni kibuyu. Maana yake ilikuwa: kinywaji hiki ni salama, na uhai wako u mikononi mwangu. Funda lile lilikuwa kama kiapo. Ndilo jambo tunalotaka kulikumbusha leo: anayewaonjesha wenzake amejitwika dhamana yao mpaka wafike kwao.

Basi mwenyeji apige hesabu. Chupa moja ya mililita 750 yatosha watu 12 kuonja, kila mmoja mililita 60 hivi. Ni kidogo sana. Lakini mgeni akionja aina sita amekwisha kunywa mililita 360, karibu nusu ya chupa, naye bado adhani ameonja tu! Ndiyo sababu waonjaji stadi huweka chombo cha kutemea, wala hawaoni haya kukitumia. Huweka pia maji na mkate. Aliyemeza zote asishike usukani, wala asipande pikipiki yake gizani kurudi Tengeru au Ngaramtoni. Mwenyeji amtafutie dereva asiyekunywa, au amtandikie kitanda. Kumsindikiza mpaka mlangoni kwa kicheko, huku twaijua hali yake, si ukarimu.

Kisha yuko rafiki aliyeacha ulevi kwa taabu na machozi. Tumfanyeje? Tusimwache nje kwa kusema kwamba atatuharibia karamu. Wala tusimwite na kumwekea bilauri mbele yake. Mtume aliwafundisha Warumi kwamba ni heri kuacha nyama na divai kuliko kumwangusha ndugu. Basi, jioni atakapokuja yeye, meza na iwe ya chai. Divai nzuri yajua kungoja. Roho ya ndugu yako huenda isingoje.

Katika Injili ya Mtakatifu Yohane, sura ya pili, twasoma habari za mwonjaji mmoja. Mkuu wa meza kule Kana aliionja divai, akaitambua kuwa bora kuliko ile ya kwanza. Ulimi wake haukukosea. Lakini hakujua ilikotoka. Waliojua ni watumishi walioijaza maji ile mitungi sita ya mawe. Tazameni, ndugu: bwana mkubwa hakujua, watumishi walijua.

Nasi je? Wako wanaoweza kutaja divai za Ufaransa na za Afrika Kusini, wasijue kwamba wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu Bihawana karibu na Dodoma, na kwamba leo yastawi Hombolo na Makutupora, ikavunwa mara mbili kwa mwaka. Hawajui pia kwamba wakulima wake wamelia zaidi ya mara moja, zabibu zikiharibika kwa kukosa mnunuzi. Iwekeni mezani chupa moja ya Dodoma, na jasho la watu hao lisimuliwe. Na yule dada aoshaye bilauri jikoni, je, amekula? Akorintho walikemewa kwa sababu mmoja alilewa na mwenzake akakaa na njaa.

Basi mkialika, alikeni kwa moyo huo: kidogo katika bilauri, chakula cha kutosha, na kila mgeni kufika kwake salama. Bwana wetu, aliyekubali mwaliko wa Kana, hataona haya kuketi nanyi.